Jointi ya chuma au ya mbao? Unachopaswa kujua kabla ya kununua fimbo ya puli ya bei nafuu

"Yakhe, hii jointi yake ni chuma tupu. Ukipiga, umepiga."

Ilikuwa Jumamosi jioni kwenye kibanda cha puli, ule mchezo wa kupiga mipira mezani kwa fimbo, huku Majengo, Mombasa, na muuzaji alikuwa ameshika fimbo mbili, moja kila mkono. Ile ya jointi ya chuma, yaani pale vipande viwili vya fimbo vinapoungwa, ilizidi ya mbao kwa shilingi 1,500. Kijana aliyekuja kununua, mchomeleaji wa mageti, alinigeukia: "Kaka, ya mbao si italegea?" Kabla sijafungua mdomo, wanne walikuwa washajibu. Mmoja alisema chuma huongeza nguvu. Wa pili alisema chuma huifanya fimbo kuwa bubu, mbao ndiyo inayosema na mkono. Wa tatu alisema zote ni sawa, mradi isiwe ya plastiki. Wa nne alimwambia aachane na mambo hayo, acheze na fimbo za ukutani kama watu wote.

Kijana akarudisha pesa mfukoni. Hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu pesa zile alikuwa amezidunduliza, na alistahili jibu lililonyooka. Nililompa baadaye ndilo ninalolifafanua hapa: aina ya jointi ni jambo moja, na namna jointi ilivyofungwa ni jambo jingine. Watu hubishania la kwanza, na pesa zao hupotelea kwenye la pili.

Tuanze na majina

Fimbo nyingi zinazouzwa ni za vipande viwili. Kipande chembamba cha mbele, kile kinachoteleza juu ya vidole, ni shafti. Kinene cha nyuma ni kitako, kama tunavyosema kitako cha bunduki. Vinapokutana ndipo penye jointi. Ndani yake mna pini yenye hesi, yaani ile mizunguko inayochongwa kwenye bolti ili nati ipande. Kwa kawaida pini imesimama kwenye kitako na tundu liko kwenye shafti. Mwisho wa shafti mna pete nyeupe, na juu ya pete hiyo kipande cha ngozi kinachougusa mpira, ambacho wachezaji huita tipu.

Ikiungwa, fimbo ya kawaida ina urefu wa inchi 57 au 58, kama sentimita 145 hadi 147. Uzito huandikwa kwa aunsi, mara nyingi 18 hadi 21, sawa na gramu 510 hadi 595.

Kabla hujaiwaza jointi, itazame meza unayochezea kila siku. Kuna mipira mikubwa ya mtindo wa Kimarekani, yenye kipenyo cha milimita 57, na kuna midogo ya mtindo wa Kiingereza, ya milimita 51. Mikubwa hupigwa kwa tipu ya milimita 12 hadi 13. Midogo huhitaji nyembamba, za milimita 8 au 9 hivi. Nimeona watu wakinunua fimbo nzuri kabisa ya Kimarekani, kisha kwenye meza ya mtaani kwao tipu inaufunika mpira mweupe hata hawaoni wanapopiga. Kosa hilo hakuna jointi itakayolirekebisha.

Jointi zenyewe

Kwenye fimbo za bei ya chini utakutana hasa na za namna tatu. Kuna ya uso bapa, ambapo kitako na shafti hukutana kama viganja viwili, mbao kwa mbao au pete ngumu kwa pete ngumu, na pini nene ikapita katikati. Hii ndiyo watu wanayoiita ya mbao, na pini yake ya kawaida ni ya 3/8 kwa 10. Kuna ya chuma yenye kidomo: kitako kimevishwa bangili ya chuma, na shafti ina kidomo kifupi kinachozama ndani ya bangili hiyo, kama kizibo cha chupa ya chai kinavyozama shingoni. Pini zake ni nyembamba kidogo, 5/16 kwa 14 au 5/16 kwa 18. Halafu kuna ya haraka, yenye hesi za mteremko mkali, ambayo hufunga kwa mizunguko miwili mitatu badala ya minane au tisa. Faida ya hiyo ya tatu ni kuokoa muda tu.

Namba hizo zisikutishe. Ya kwanza ni unene wa pini kwa inchi. Ya pili ni idadi ya hesi katika kila inchi moja ya urefu. Ni lugha ileile ya fundi bomba anapokuuliza soketi ni ya nusu inchi au robo tatu. Mtego uko hapa: pini ya 5/16 kwa 14 na ya 5/16 kwa 18 zina unene mmoja, na ukizitazama harakaharaka ni pacha. Shafti ya moja ukiilazimisha kwenye nyingine, hesi zitakwisha na utakuwa umeharibu vipande viwili kwa mkupuo. Weka rula kando ya pini, uhesabu hesi zilizomo ndani ya inchi moja. Mchomeleaji wetu alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi.

Na hapa ndipo aina ya jointi inapomhusu kweli mtu wa pesa ndogo. Shafti ndiyo huchakaa na kupinda kwanza. Ukiwa na pini ya 3/8 kwa 10 au mojawapo ya zile za 5/16, watengenezaji wengi duniani wanauza shafti za kuingia humo, na hata mtumba unaweza kuupata. Ukiwa na pini ya ajabu ya kiwanda kimoja, siku shafti ikipinda umebaki na kitako cha pambo. Kwa hiyo muulize muuzaji namba. Akikujibu "ni ya chuma", hajakujibu.

Chuma kinaongeza nguvu?

Hapana. Tipu na mpira hugusana kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, au zaidi yake kidogo. Kufumba na kufumbua jicho ni mara mia ya muda huo na zaidi. Nguvu inayoingia kwenye mpira inatokana na mwendo wa fimbo na uzito wake mzima, na sehemu ndogo hupotelea kwenye ngozi inapobonyea. Jointi iliyokaza sawasawa, iwe ya chuma au ya mbao, haina la kuongeza.

Pia zingatia kwamba habari kutoka mkononi hadi kwenye ubongo huchukua makumi ya sehemu hizo za elfu ya sekunde. Maana yake, unapohisi pigo, mpira umeshaondoka. Hisia ni habari za jambo lililokwisha kutokea.

Simaanishi kwamba hisia ni upuuzi. Mvuvi aliyeshika mshipi hamwoni samaki, lakini uzi unamwambia kama ni changu anayedonoa au ni mwamba. Fimbo nayo inakuambia: umepiga katikati, umepotea ubavuni, mkono wa nyuma umekaza. Ukiisikia vizuri, pigo linalofuata unalirekebisha. Ndiyo sababu nawaheshimu wanaotafuta fimbo yenye hisia nzuri. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hisia hiyo inakaa kwenye jointi.

Siku moja, huko Bombolulu, tulilijaribu jambo hili. Tulikuwa na fimbo tatu, moja ya kila jointi, zote za aunsi 19 au karibu yake. Tulizibandika tipu mpya za pakiti moja, tukaziacha gundi ikauke usiku kucha. Kesho yake tukachana leso kuukuu vipande vitatu, tukaifunga kila jointi kwa kitambaa hadi isijulikane. Wachezaji sita, mapigo kumi kwa kila fimbo, kisha mtu anasema ipi ni ipi. Hakuna hata mmoja aliyezipatia zote tatu. Mzee mmoja, mtulivu, aliitambua ya chuma mara moja, na alipoulizwa kajuaje akasema, "Inanivuta mbele." Hakusema kuhusu pigo. Alisema kuhusu uzito.

Na alikuwa sahihi. Bangili ya chuma ina uzito, na inakaa katikati ya fimbo, kwa hiyo mahali fimbo inaposimama mizani juu ya kidole panasogea mbele. Fimbo nyingi husimama sentimita 45 hadi 50 kutoka mwisho wa kitako. Wengine wanapenda mbele pawe pazito kidogo, shafti itulie kwenye vidole. Wengine mkono unachoka. Hiyo ni tofauti ya kweli, na unaipima dukani kwa kidole kimoja.

Wiki iliyofuata tulifanya jambo moja zaidi. Ile fimbo ya mbao tuliitoa tipu mpya tukaibandika ngozi kuukuu, iliyogongwa hadi ikawa ngumu na kung'aa kama kokwa la embe lililokauka. Tukaifunga leso tena. Watano kati ya sita walisema hii ndiyo ya chuma.

Unachokisikia kinatoka wapi

Kinatoka kwenye ngozi kwanza. Ngozi ngumu hutoa mlio mkali na fimbo nzima ikaonekana kuwa kavu. Ngozi laini hunyamaza, na mkono ukapata kitu cha kushika. Fimbo nyingi za bei nafuu huja na tipu duni kutoka kiwandani, na mtu akazihukumu bila kujua kwamba anaihukumu ngozi. Ngozi ya kawaida ya kipande kimoja ni bei ndogo sana, na fundi mwenye mkono mtulivu huibandika kwa wembe, gundi na msasa. Iwe na mviringo unaokaribia ule wa ukingo wa sarafu ya shilingi moja, na usiiache bapa, kwani tipu bapa huteleza ukipiga ubavu na chaki haiwezi kuiokoa.

Baada ya ngozi inafuata shafti, hasa sentimita 15 hadi 20 za mbele. Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana mitaani. Ukiupiga mpira mweupe ubavuni ili uzunguke, hauendi pale fimbo ilipoelekea. Unachepuka kidogo upande wa pili. Fikiria ngalawa na jahazi vikigusana gatini: ngalawa ndiyo husogea. Ncha ya shafti ikiwa nzito, inakataa kusukumwa kando, na mpira ndio unaopisha. Ikiwa nyepesi, ncha inapisha na mpira unanyooka zaidi. Kampuni ya Predator ya Marekani, iliyoanza mwaka 1994, ilijipatia jina kwa kupunguza uzito wa ncha kwa njia hiyo, na leo wengi wanafanya vivyo hivyo. Jointi iko mbali mno, zaidi ya sentimita 70 kutoka kwenye ncha. Pigo linapoanza kuipinda shafti, mtikiso huo wa kando haujafika kwenye jointi na mpira umeshakwenda zake.

Shafti za namna hiyo bei yake imepanda, na sioni sababu ya anayeanza kuzikimbilia. Shafti ya kawaida ya mepo iliyonyooka, mbao ile nyeupe ngumu ya Amerika Kaskazini, inatosha kwa miaka. Mkono huzoea kuchepuka kwake.

Kuhusu uzito: fimbo nzito haikupi nguvu za bure. Mkono unaiendesha polepole zaidi, na faida inaliwa hapo. Anza na aunsi 19. Fimbo nyingi zina bolti ya uzito ndani ya kitako, chini ya ile raba ya mwisho, na unaweza kuibadilisha baadaye.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Mwambie akupe fimbo ikiwa imefunguliwa. Kishike kitako, kizungushe taratibu juu ya meza, macho yako yakiwa kwenye ncha ya pini. Pini nzuri husimama mahali pamoja kama mshumaa. Ikichora duara hewani, imekaa upande au imepinda, na fimbo hiyo haitanyooka hata ungeifunga kwa nguvu za nani. Mimi huanza na hili kwa sababu linachukua sekunde kumi na linaondoa fimbo nyingi mbaya.

Kisha funga. Pini ipande bila kupigana nayo, na dakika ya mwisho nyuso zikutane kwa mkupuo mmoja. Inua jointi mbele ya taa. Mstari wa mwanga ukipenya, hata mwembamba kama unywele, nyuso hazikukatwa sawa. Pitisha ukucha kutoka kitako hadi shafti: ukikwama kwenye ngazi, vipande havilingani. Halafu gonga mwisho wa kitako kwa kiganja, sikio likiwa karibu. Mnunuzi wa nazi sokoni Kongowea huitikisa kabla ya kulipa, asikie maji. Nawe unasikiliza mtetemo wa kitu kilicholegea ndani, kama nyuki kwenye debe. Ukiusikia, irudishe. Mtetemo huo huo ndio wengi wanaoita "jointi mbaya ya mbao" au "jointi mbaya ya chuma", na aina haina kosa lolote.

Kuhusu kunyooka, usitegemee kuibingirisha fimbo nzima peke yake. Meza zetu nyingi zimeinama, na fimbo nene nyuma na nyembamba mbele hujibingirishia itakavyo. Bingirisha shafti peke yake na utazame mwanga chini yake ukifunguka na kufunga. Kisha iunge, funga jicho moja, uitazame kutoka kitakoni kama seremala anavyotazama ubao. Vipande vikiwa vimenyooka vikiwa mbalimbali na vikapinda vikiungwa, kosa ni la jointi.

Jina lililoandikwa kwenye kitako usilinunue. Majina makubwa huigwa, na kibandiko hakigharimu kitu. Niliwahi kulipia jina kama hilo, na mwezi wa tatu tangu niinunue pete ya jointi ikapasuka nikiwa ninaifungua tu.

Hewa yetu

Mtu wa bara anaweza kuruka sehemu hii. Kwetu pwani, hewa ina unyevu mwaka mzima na chumvi juu yake. Mbao hunywa unyevu huo na kutanuka kwa unene. Jointi ambayo pini inapita kwenye hesi zilizochongwa ndani ya mbao yenyewe inaweza kubana msimu wa mvua hadi ukadhani imekwama. Usiikaze kwa hasira wala usiipake mafuta, kwani mbao itayanywa. Sugua pini kwa nta kidogo ya mshumaa, uifungue polepole. Tundu lililovikwa shaba halina shida hiyo sana, na kwa mkazi wa kisiwani nadhani inafaa kulipia kidogo zaidi kulipata. Chuma kisichoshika kutu ni sawa. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha kitaanza madoa mekundu ndani ya pete, mahali usipopaona.

Usiiegemeze fimbo ukutani, na usiiache ndani ya gari juani. Shafti ikinata kwa jasho na chaki, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu. Msasa wa kila wiki, ambao nauona kila mahali, unaila shafti hadi inakonda, na mwenye fimbo analalamika kwamba imebadilika hisia.

Yule kijana alirudi Majengo Jumamosi iliyofuata, na muuzaji alikuwepo na fimbo zilezile mbili. Akazungusha vitako juu ya meza, kimyakimya, watu wakitazama. Pini ya ile ya mbao ilisimama. Ya ile ya chuma ilichora duara dogo, lakini duara. Hakusema neno. Alilipia ya mbao, ya 3/8 kwa 10, na baki akanunua ngozi mbili na chaki. Mara nyingine nilipomwona, fimbo alikuwa ameitia ndani ya bomba la plastiki la inchi 3 lenye vifuniko pande zote mbili, ndani kapachika kipande cha blanketi na vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.